Samaki wa Dhahabu Kwenye Joto la Pwani: Tangi Kwanza, Samaki Baadaye

Mwenye duka atakufungia vyote kwa siku moja ukitaka: tangi, mawe ya rangi, pampu, kopo la chakula, na samaki watatu wekundu ndani ya mfuko wa nailoni. Ukifika nyumbani unajaza maji, unawamimina, watoto wanashangilia. Baada ya siku chache maji yanaingia ukungu. Wiki haijaisha samaki mmoja analala ubavu. Mwezi ukiisha tangi liko stoo, limewekwa vitunguu.

Ukirudi dukani utaambiwa samaki hawa ni dhaifu. Si kweli. Wachina walianza kuwafuga zaidi ya miaka 1000 iliyopita, na samaki wa dhahabu akitunzwa vizuri huishi miaka 10 hadi 15, wengine zaidi. Uingereza kulikuwa na mmoja aliyeitwa Tish, aliyetolewa kama zawadi kwenye maonyesho mwaka 1956 na kufa mwaka 1999 akiwa na miaka 43. Huyu hakuwa na damu ya ajabu. Kinachowaua wa kwetu ni uchafu wao wenyewe, ndani ya maji machache, yenye joto, ambayo hayakuandaliwa.

Mwongozo huu nimeuandika nikiwafikiria watu wa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa, ambako maji yakikaa ndani ya nyumba hufika nyuzi 27 hadi 30 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Wewe uliye Arusha, Iringa, Mbeya au Nairobi una bahati: hali ya hewa yako karibu ndiyo anayoipenda samaki huyu. Yote yaliyomo humu yanakuhusu, ila habari za feni unaweza kuziruka.

Kwanza, jambo la joto

Samaki wa dhahabu ni wa maji baridi. Wale wenye mwili mfupi na mkia wa pindo hustawi kwenye nyuzi 20 hadi 24. Kwenye nyuzi 28 hafi, lakini mambo mawili yanamkuta kwa pamoja. La kwanza, maji ya moto hubeba hewa kidogo: lita moja ya maji yasiyo na chumvi kwenye nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni, na kwenye nyuzi 30 hushuka hadi kama 7.5. La pili, mwili wake unafanya kazi haraka zaidi, kwa hiyo anataka hewa nyingi kuliko mwenzake wa Mbeya, anakula zaidi na kuchafua zaidi. Mahitaji yanapanda wakati akiba inashuka.

Ndiyo maana ushauri mwingi ulioandikwa Ulaya unakwama hapa kwetu. Lakini usikate tamaa: Thailand wana joto kama letu au zaidi, na ni miongoni mwa nchi zinazozalisha oranda na ranchu (aina mbili za samaki wa dhahabu) wazuri kabisa na kuwauza duniani. Njia ni moja: maji mengi, samaki wachache, hewa ya kutosha mchana na usiku.

Hatua ya 1: Chagua tangi, na usahau bakuli la duara

Bakuli lile la duara la lita 10 linapendeza mezani na halifai kufugia chochote. Maji yake ni machache, mdomo wake ni mwembamba, na hewa huingia majini kupitia uso wa maji. Hesabu inayotumika na wafugaji wengi ni lita 75 kwa samaki wa kwanza, kisha lita 40 kwa kila anayeongezeka. Hapa pwani mimi ningekwambia ukadirie kwa ukarimu zaidi ya hapo.

Tangi la kuanzia ninalolipendekeza lina urefu wa sentimita 90, upana 45 na kimo 45. Zidisha, gawanya kwa 1000, unapata lita 182 likijaa pomoni. Ukiacha nafasi ya sentimita 5 juu, maji halisi ni kama lita 160. Hilo linatosha samaki wawili kwa raha, watatu kwa uangalizi. Kati ya tangi refu lenye kina kifupi na tangi jembamba lililosimama, chukua refu, kwa sababu uso wa maji ndio mlango wa hewa.

Huhitaji kununua la kutoka nje. Fundi vioo mzuri anakutengenezea kwa bei nafuu, mradi umsimamie kwenye mambo matatu. Kioo kiwe cha milimita 8, na juu kuwe na vipande vya kioo vya kukaza ubao wa mbele na wa nyuma visitanuke. Silikoni iwe ile safi isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Za bafuni na jikoni nyingi huwa na dawa hiyo na ni sumu kwa samaki. Silikoni inayofaa kwa kawaida hunuka siki wakati inakauka, lakini harufu hiyo peke yake si uthibitisho, soma maelezo kwenye tyubu. Tatu, usikubali kulijaza siku hiyo hiyo hata fundi akiapa. Liache wiki nzima likauke, kisha ulijaribu kwa kulijaza likiwa barazani au uani kwa siku mbili. Likivuja huko umepoteza maji. Likivuja sebuleni umepoteza zulia na amani na mama mwenye nyumba.

Uzito nao si wa kupuuza. Maji lita 160 ni kilo 160. Kioo cha tangi hili ni kama kilo 32. Ongeza mchanga na stendi inabeba zaidi ya kilo 200. Meza ya televisheni haiwezi. Chomelea stendi ya chuma au tumia tofali na ubao mnene, pima kwa pima maji, na utandike kipande chembamba cha sponji au thermopoli (ile nyeupe nyepesi ya kufungashia vifaa) chini ya tangi ili kioo kisikalie kokoto.

Hatua ya 2: Mahali pa kuliweka

Weka chumba chenye ubaridi kuliko vyote, kwa kawaida ghorofa ya chini, upande usiopigwa na jua la mchana. Mbali na dirisha, kwani jua linapasha maji na kuotesha mwani wa kijani ukutani mwa kioo. Mbali na jiko na mbali na nyuma ya friji, panapotoka joto.

Jambo moja ambalo mwongozo wa kizungu haukutajii ni dawa ya mbu. Dawa nyingi za kupuliza na za kuchoma huwa na viambato vya jamii ya pairethroidi, ambavyo ni hatari sana kwa samaki hata kwa kiasi kidogo. Pampu ya hewa nayo hunyonya hewa ya chumbani na kuisukuma ndani ya maji. Kwa hiyo chumba chenye tangi hakipulizwi. Kama ni lazima, hamishia pampu chumba kingine kwa kurefusha mpira wake, funika tangi kwa shuka bichi, na fungua madirisha muda mrefu kabla ya kufunua. Ni afadhali zaidi kuweka wavu madirishani. Vilevile mikono yenye mafuta ya kujikinga na mbu, losheni au sabuni isiingie majini.

Nyaya za umeme zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone la maji litakalotiririka kwenye waya lidondokee sakafuni na si kwenye soketi. Na pampu ya hewa ikae juu kuliko usawa wa maji, au uweke valvu ndogo ya njia moja kwenye mpira wake. Umeme ukikatika, maji hurudi nyuma kupitia mpira huo. Pampu iliyo chini huungua na tangi hujimwaga sakafuni wakati umelala.

Hatua ya 3: Chujio na hewa

Watu huuliza pampu ipi ni nzuri. Swali la kwanza liwe: bakteria wataishi wapi? Kazi kubwa ya chujio ni kuwa nyumba ya bakteria wanaokula sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Kunasa kinyesi ni kazi ya pili.

Kwa tangi la lita 160 chaguo langu la kwanza kwa mazingira yetu ni machujio mawili makubwa ya sponji yanayoendeshwa na pampu ya hewa yenye nguvu. Ni rahisi, hayana kifaa cha kuharibika, yanatia hewa huku yanachuja, na mkondo wake ni wa upole usiowachosha samaki wenye mapezi marefu. Ukipenda chujio la kuning'iniza ukingoni au la kopo chini ya stendi, tafuta linalozungusha maji yote mara 5 hadi 10 kwa saa, yaani lita 800 hadi 1600. Lakini hata hapo acha sponji moja na jiwe la hewa likitoa mapovu.

Umeme utakatika, hilo si la kubahatisha. Nunua pampu ndogo ya hewa yenye betri ya kuchaji, inayojiwasha yenyewe umeme unapoondoka. Usipokuwa nayo, chota maji kwa jagi na uyamimine kutoka juu, jagi kumi kwa mfululizo, rudia kila baada ya muda mfupi. Inachosha, lakini usiku wa Februari inaokoa roho. Chujio la kopo lililofungwa likizimika kwa saa kadhaa, mwaga maji yaliyomo ndani yake na kulisuuza kabla ya kuliwasha. Bakteria wanaokosa hewa humo hufa na kuoza, na ukiliwasha hivyo hivyo unasukuma uozo moja kwa moja kwa samaki.

Kuhusu kupoza: feni ndogo ya mezani ikipuliza juu ya uso wa maji hushusha joto kwa nyuzi moja au mbili kwa njia ya mvuke, zaidi kidogo siku ambazo hewa ni kavu. Pwani unyevu hupunguza faida hiyo lakini bado inasaidia. Maji yatapungua haraka, ongeza kila siku. Chupa za barafu sizipendi: maji yanashuka ghafla, barafu inayeyuka, yanapanda tena, na kupanda na kushuka huko humdhoofisha samaki kuliko joto lenyewe. Kuwa na kipimajoto cha kubandika au cha kuelea, kwani mkono wako haupimi.

Hatua ya 4: Mchanga, mawe, mimea

Hapa sina maneno mengi. Mchanga wa mto uliooshwa hadi maji yatoke meupe, tabaka la sentimita 2 au 3 tu. Samaki wa dhahabu hupenda kuchimbua, kuuchukua mdomoni na kuutema. Kokoto zenye ukubwa wa njegere ziepuke, zinamkwama kooni. Ama mchanga, ama mawe makubwa kuliko mdomo wake. Mchanga wa bahari, makombe na matumbawe usitie: huyeyusha chokaa taratibu na kuyafanya maji kuwa magumu na yenye pH (kipimo cha asidi na alkali) ya juu. Mapambo yenye ncha kali yatamchana macho yule mweusi wa macho ya kutokeza.

Mimea mingi ataila, ndiyo tabia yake. Anubiasi, ambayo asili yake ni Afrika, ina majani magumu asiyoyapenda. Ifunge kwenye jiwe kwa uzi, usiizike mchangani. Ukipata mimea kutoka bwawani, isuuze sana na uitenge kwenye ndoo wiki mbili, kwani konokono na mayai ya vimelea husafiri humo.

Hatua ya 5: Maji

Maji ya bomba huwekwa klorini, ambayo huunguza matamvua ya samaki na kuua bakteria unaotaka kuwalea. Yaache kwenye jaba wazi saa 24 huku jiwe la hewa likichemka ndani, klorini itatoka. Kama mamlaka ya maji inatumia kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), hiyo haitoki kwa kusubiri. Utahitaji dawa ya kuondoa klorini, ambayo duka lolote la samaki wa mapambo linayo. Mimi ningeiweka nyumbani kwa vyovyote, maana siku ya dharura huna saa 24.

Maji ya kisima hayana klorini ila yana mambo mengine. Visima vingi karibu na bahari vina chumvi na ugumu mwingi. Kama ukiyaonja yanakolea, changanya na ya bomba au ya mvua. Maji ya mvua peke yake hayafai, hayana madini ya kushikilia pH isiyumbe. Maji ya boza ni kitendawili: leo yanatoka huku, kesho kule. Yapime kila yanapoletwa.

Na hapa ndipo unapohitaji kitu ambacho wengi hukwepa kukinunua: vipimo vya matone vya amonia, naitraiti, naitreti (nazieleza kwenye hatua inayofuata) na pH. Bila hivyo unafuga kwa kukisia. pH kati ya 7 na 8 ni sawa. Iliyotulia ni bora kuliko inayokimbizwa kwa dawa.

Hatua ya 6: Kulea bakteria, wiki nne hadi sita bila samaki

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo yenye uhai wote wa tangi. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi. Amonia ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu kwa kuwa huzuia damu kubeba hewa. Kundi la pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, isiyo na makali ikiwa chini ya miligramu 40 kwa lita, na ambayo wewe unaiondoa kwa kubadilisha maji. Tangi jipya halina kundi hata moja. Ukungu ule wa siku za kwanza ni dalili kwamba mfumo haujakaa.

Jaza maji yasiyo na klorini, washa machujio, acha yafanye kazi mchana na usiku. Kisha walishe bakteria. Kama una chumvi safi ya amonia, tia hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Kama huna, chukua kamba mbichi mmoja, mtie kwenye soksi safi ya nailoni, mning'inize majini aoze. Atanuka, waombe radhi wa nyumbani. Pima kila baada ya siku mbili au tatu. Utaona amonia inapanda. Kisha inaanza kushuka huku naitraiti ikipanda. Kisha naitraiti nayo inashuka na naitreti inatokea. Siku ambayo unatia amonia ya miligramu 2, na baada ya saa 24 amonia na naitraiti zote zinasoma sifuri, tangi limeiva. Badilisha maji kwa zaidi ya nusu kushusha naitreti, ndipo ukanunue samaki.

Hapa joto letu linakuwa rafiki, kwani bakteria hawa huzaliana haraka zaidi kwenye nyuzi 25 hadi 30. Njia ya mkato iliyo halali ni kuomba sponji lililotumika kutoka kwa mtu mwenye tangi lenye afya, ulisafirishe likiwa bichi ndani ya maji yake, na uliweke kwenye lako siku hiyo hiyo. Linaweza kukata muda hadi wiki moja au mbili. Hakikisha tu samaki wake hawana ugonjwa.

Kwa nini kukazania hivi? Kwa sababu amonia ile ile huongezeka ukali kadiri pH na joto vinavyopanda. Sehemu iliyo sumu hasa kwenye pH 8 ni takriban mara 10 ya ile ya pH 7. Maji magumu ya kisima cha pwani yenye nyuzi 29 hayana msamaha.

Hatua ya 7: Kuchagua samaki na kumwingiza

Kuna makundi mawili. Wale wenye mwili mrefu na mkia mmoja, kama kometi na shubunkini, hukua hadi sentimita 25 au 30 na huogelea kwa kasi. Hao ni wa bwawa. Wenye mwili wa yai na mkia pacha, yaani oranda mwenye kilemba kichwani, ryukini mwenye nundu, mweusi wa macho ya kutokeza na wenzao, huishia kama sentimita 15 hadi 20 na ndio wa tangi la ndani. Usichanganye makundi haya. Yule mwepesi atamaliza chakula kabla oranda hajageuka. Ranchu asiye na pezi la mgongoni na yule mwenye mapovu chini ya macho ni wazuri, ila waache kwa mwaka wa pili.

Dukani, angalia tangi zima kabla ya kumtazama mmoja. Akiwemo aliyekufa au mwenye madoa, ondoka hata kama unayemtaka anapendeza. Chagua mwenye pezi la mgongoni lililosimama, anayezunguka kutafuta chakula, mwenye mapezi yasiyo na mistari ya damu.

Nyumbani, mweke kwanza karantini: jaba au beseni kubwa la lita 60 hivi lenye sponji lililokwisha kuiva, wiki nne. Wengi hawafanyi hivi na samaki wa kwanza, na kwa tangi tupu naelewa. Kwa samaki wa pili na kuendelea, usiruke. Elesha mfuko dakika 20 joto lisawazike, kisha ongeza kikombe kimoja cha maji ya kwako kila dakika tano kwa nusu saa. Mchote kwa mkono laini au wavu, maji ya mfuko umwage chooni.

Hatua ya 8: Kulisha

Samaki huyu hana tumbo halisi, chakula kinapita moja kwa moja kwenye utumbo. Kwa hiyo mara mbili kwa siku, kidogo, kinachoisha ndani ya dakika mbili. Atakuja kioo akikuomba kila ukipita. Huo si ushahidi wa njaa, anakukumbuka tu wewe ni nani.

Tumia punje zinazozama, na zile zinazoelea ziloweke kwanza, ili asimeze hewa juu ya maji. Mara mbili kwa wiki mpe mboga: njegere zilizochemshwa na kumenywa ganda, mchicha uliopitishwa kwenye maji ya moto, kipande cha tango. Mkate, ugali na wali hapana. Siku moja kwa wiki asile kabisa.

Viluwiluwi vya mbu ni chakula kizuri mno kwake, na wapo wanaowafuga ndooni kwa ajili hiyo. Sikushauri. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu wake anapenda ndoo safi kama hizo hizo. Jirani hatakuelewa.

Ratiba ya kila wiki

Tangi la lita 160: toa ndoo tatu za lita 20 kwa mpira wa kufyonza, ukiupitisha juu ya mchanga kukusanya kinyesi, kisha rudisha ndoo tatu za maji yaliyoandaliwa yenye joto lile lile. Hiyo ni kama asilimia 37. Maji machafu mwagia mchicha au migomba, ni mbolea. Pima naitreti, ikizidi 40, ongeza ndoo ya nne.

Sponji lisafishwe mara moja kwa mwezi, moja wiki hii na lingine baada ya wiki mbili, kwa kulikamua ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi. Kamwe usilisuuze kwa maji ya bomba. Ile fadhila ya dada wa nyumbani ya kutoa kila kitu, kusugua kwa sabuni na kujaza maji mapya mpaka tangi ling'ae imeua samaki wengi kuliko njaa; mweleze mapema, kwa upole, kwamba utelezi ule wa kahawia kwenye sponji ndio unaowaweka samaki hai.

Mambo yakienda mrama

Kabla ya dawa yoyote, pima maji. Samaki wote wakihema juu, mdomo nje, ni hewa au sumu: ongeza mapovu, badilisha nusu ya maji papo hapo, acha kulisha kwa siku mbili. Kama ni naitraiti iliyopanda, gramu 1 ya chumvi kwa lita husaidia kuizuia isiingie kwenye damu.

Vidoa vyeupe kama chembe za chumvi mwilini na kwenye mapezi, huku anajisugua kwenye mawe, ni ugonjwa wa madoa meupe, unaoletwa na kimelea kidogo. Tumia chumvi ya mawe isiyoongezwa kitu, gramu 3 kwa lita, yaani gramu 480 kwa tangi letu, iyeyushwe kwanza na kutiwa kwa mafungu matatu ndani ya saa 24 hadi 36. Toa mimea. Endelea wiki mbili hata madoa yakiisha mapema, kwa sababu dawa humpata kimelea anapokuwa anaogelea, si anapokuwa chini ya ngozi. Chumvi haitoki na mvuke. Ukibadilisha ndoo tatu, rudishia gramu 180 tu. Lakini ukiona vipele vyeupe vilivyopangana kwenye vifuniko vya matamvua na ukingo wa pezi la kifuani, na samaki anamkimbiza mwenzake, huyo ni dume aliye tayari kupandana. Hahitaji dawa.

Akielea kichwa chini, mfungishe siku mbili au tatu, kisha njegere. Wenye mwili mfupi mno hupata tatizo hili kwa umbo lao, na wengine huishi nalo. Magamba yaliyosimama mwili mzima na tumbo lililovimba ni habari mbaya. Mtenge kwenye maji safi yenye chumvi kidogo, lakini wachache sana hupona.

Wakikuzidi au wakizaliana, wape wafugaji wengine au uwarudishe dukani. Mtoni, bwawani au ziwani usiwapeleke. Wanastahimili mengi, wanachimbua matope na kula mayai ya samaki wengine, na Ziwa Victoria lilishaona kilichotokea baada ya sangara kupandikizwa humo katika miaka ya 1950 na 1960.

Ukisafiri siku tano, badilisha maji kabla ya kuondoka na usimwachie mtu yeyote kopo la chakula: samaki mkubwa mwenye afya anakaa siku hizo bila kula. Safari ikiwa ndefu zaidi, funga kila mlo kwenye kijikaratasi chake, uviandike siku, na kopo ulifungie kabatini. Mwachie mwangalizi pampu ya betri ikiwa imechajiwa.